Mapigo Kwanza

Mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani, ana sauti ya dalali wa ng'ombe. Kayleen, mama wa watoto wawili anayeogesha wazee kwa ujira, alimuuliza kama kila mtu: asomee uuguzi kwa stashahada ya miaka miwili au shahada ya minne? "Leseni ya uuguzi ya jimbo ni ileile, mwanangu." Kisha akaweka kikombe chake cha kahawa mezani na, kama kawaida yake, akanyoosha mkono: "Nipime mapigo ya moyo kwanza." Wengi hucheka tu. Kayleen aliushika mkono ule, akakunja uso. "Mama, unachemka! Una homa. Acha hiyo kahawa, nenda ukalale." Mshauri akacheka hadi akakohoa, akachukua mkoba wake. "Miwili. Shahada utaimalizia kazini. Mimi miaka minne siwezi kukusubiri."