Vigelegele vya marehemu mama vimegeuzwa beat ya disco. Nimeshtaki

Wakuu, hamjambo. Yenye naandika hapa ni kweli tupu.

Wiki jana nilikuwa saluni hapa Nyeri town, nusu ya kichwa imesukwa. Redio ikapiga single mpya ya band fulani ya rock ya hapa kwetu.

Nikasimama, nikachomoa redio kwa ukuta. Nikatoka hivyo hivyo, mtoto mgongoni.

Msiniite kichaa. Ngojeni.

Nilipotoka hospitali na huyu mtoto, first born, mama yangu alitupokea kwa gate na ngemi, yaani vigelegele. Sisi Wagikuyu, kijana ni tano, msichana ni tatu. Mama akapiga tatu, nikarekodi kwa simu.

Mwaka haukuisha, akaenda. Sauti yake ingine sina.

Shemeji yangu, ndugu ya bwanangu, ndiye mpiga gitaa wa hiyo band. Aliniomba hiyo clip "asikize tu." Nikamtumia. Ningemkataliaje shemeji?

Kumbe hawa watu wa magitaa ya kelele wameamua single ya kwanza ya album iwe ya kudensi. Na chorus ni nani? Mama yangu! Wamemkata, wakamtandikia disco chini, halafu wakamrudiarudia hadi zikawa tano.

Tano! Wenyewe wanasema ati zikiwa tatu beat inabaki na shimo.

Tangu hapo sikai, silali. Stage ya boda, mama. Posho mill, mama. Jirani ananiuliza mbele ya watu, "Mama Njeri, kwani kijana ulimficha wapi?" Wanacheka.

Nikampigia shemeji. Ati, "Si ufurahi, nyanya ya Njeri amekuwa star."

Nikamwambia, "Basi chukua mamako umfanye star."

Bwanangu amenuna, maana huyo ni mamake pia. Anune.

Nimejifunza: sauti ya mtu wako usiitume kwa yeyote, hata wa nyumbani. Kama mnaona nimezidisha, semeni hapo chini, lakini siondoi kesi. Hii ndiyo nimepeleka leo kwa ofisi ya hakimiliki:

"Anayepiga ngemi kwa wimbo huo ni marehemu mama yangu. Mimi, bintiye, sikuulizwa. Alipiga tatu kwa sababu nilizaa msichana. Sitaki pesa. Naomba atolewe kwa wimbo wote, hata pale mwisho anaposikika akivuta pumzi."