Mama Mkwe Alivyolilinda Gari Langu

Nikisema nina gari la V8, Watanzania wenzangu wa hapa Toronto huwaza lile la waheshimiwa. Langu ni jingine kabisa: la Kimarekani, milango miwili, limenizidi umri, na likinguruma majirani zangu wa Malton, karibu na uwanja wa ndege, hudhani ndege imekosea njia. Nililikuta limeoza bandani huko mashambani, panya wamezalia kwenye viti. Muuzaji aliniapia kwamba ni lile toleo adimu lililotoka kiwandani na injini kubwa ya mashindano. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Basi nikaanza kulifufua. Baridi ikija, baridi ikiondoka, mimi niko gerejini nakwangua kutu. Msikitini nikawa sina hadithi nyingine. Injini yake yenyewe! Vioo vyake vilevile vya kiwandani, na alama zake pembeni! Mke wangu alisema hata siku ya harusi yetu sikuwa na furaha kiasi kile, nami kwa busara nikaendelea kukwangua kutu. Kilichobaki ni mkaguzi, mzee mmoja anayetoa cheti cha kuthibitisha kwamba gari ni halisi. Bila cheti hicho mimi ni mwongo tu mwenye gari jekundu, na nilishawatambia watu wote.

Wiki ya ukaguzi, mama mkwe akaja kututembelea kutoka Dar. Ana duka la spea Kariakoo, na mtu wa Kariakoo hajui kupumzika. Alilizunguka gari, mikono nyuma, akatikisa kichwa.

"Baba, vioo hivi mbona havijachorwa namba?"

"Huku hawachori, Mama."

"Kwani huku hakuna wezi?"

Nikacheka, nikaenda zangu kazini, kupakia mizigo uwanja wa ndege. Niliporudi, kila kioo kilikuwa kimechorwa namba ya gari: cha mbele, cha nyuma, vya milangoni, vya pembeni, mpaka taa! Alitumia kimashine changu mwenyewe cha kuchongea. Na mwandiko, wallahi, ulikuwa mzuri, umenyooka. Mama alikuwa anapangusa vumbi la kioo kwa ncha ya khanga, anangoja ashukuriwe.

Sasa niambie wewe, mama mkwe unamfokea vipi? "Ahsante, Mama," nikasema. "Umenisaidia sana." Mke wangu alikimbilia jikoni, nikamsikia anacheka huko mpaka anakohoa.

Mkaguzi alikuja Jumamosi. Akasimama mbele ya kioo kikubwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mwenye gari aliyenitangulia," nikadanganya bila haya.

Akaisoma namba ya kwenye kioo. Akainama, akasoma namba ya usajili pale kwenye bampa, mpya kabisa, niliyopewa mimi. Ni ileile. Akawasha tochi yake akaanza kazi.

Alimulika injini, akapapasa tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Akajipenyeza chini ya dashibodi, miguu nje. Mwishowe akaniita. Namba ya injini, alisema, imegongwa upya. Ya zamani ilisagwa kwanza, na mikwaruzo ya msasa bado inaonekana. Kumbe nilikuwa naisugua kwa mswaki muda wote ule na sikuona kitu! Halafu ile namba iliyofichwa kwenye bodi, nyuma ya hita, inaonyesha gari lilitoka kiwandani na injini ndogo ya kawaida. Kuna mtu alilivalisha ukubwa baadaye. Cheti hakuna.

Niliona aibu, nikaona hasira, nikataka kulia palepale, mtu mzima na mvi zangu. Nilimfikiria yule muuzaji, nikamtukana kimoyomoyo matusi ya mtaani Manzese, kule Dar. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anatufuatilia kwa macho tu, maana Kiingereza cha yule mzee kilimpita.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema namba za injini ni za kughushi, Mama. Gari silo."

Akafikiri. Akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma, kioo baada ya kioo.

"Kwa hiyo namba za kweli ni zangu tu?"

Mkaguzi akataka kujua mama kasema nini. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akavua miwani, nami nikacheka naye, huku roho inaniuma kwelikweli.