Sahani Tatu za Futari

Jirani akikaanga kaimati, harufu ya hamira na iliki hunirudisha barazani kwa mama, kule Tiwi, mwezi wa Ramadhani, nami nalia.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amenichapa. Nilipanua 3(t + 5k) nikaandika 3t + 5k. Alisema nikikosea tena kesho, nitarudishwa darasa la nyuma.

Mama, ambaye hakusoma hata siku moja, alikuwa akipanga futari za majirani.

"Hiyo t ni nini?"

"Herufi tu, mama."

"Basi iwe bakuli la tambi, na k iwe kaimati. Nyumba tatu, kila nyumba bakuli moja na kaimati tano. Haya, panga."

Nikapanga mabakuli matatu, kaimati tano nikazitia zote sahani ya kwanza.

"We mwana! Hao wengine wafuturu mate?"

Nikacheka na machozi yangu. Kaimati kumi na tano! Kisha akarudisha vyote kwenye sinia. "Nigawie tena, sawasawa." Nikagawa, kila nyumba bakuli moja na kaimati tano, nikaona mabano yanajifunga yenyewe.

Kesho yake nilipata. "Nani amekufundisha?" mwalimu akauliza. "Mama." Mwalimu akacheka, na darasa zima likacheka naye. Kicheko kile kiliniuma kuliko fimbo.

Muhula haukuisha, nikatolewa shule. Aliyenitoa ni baba mdogo, simfichi: alisema mtoto wa kike hesabu hizo zamtosha.

Sasa baba mdogo ni mzee, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila Ramadhani nampelekea bakuli la tambi na kaimati tano. Hazipungui hata moja.