Chumba Namba 9 Kina Wenyewe

Baiskeli ya Kyakimwa ina magurudumu matatu, huendeshwa kwa mikono, na upana wake ni sentimita sabini na nne. Namba hiyo anaijua kama wengine wanavyojua tarehe yao ya kuzaliwa, kwa sababu milango mingi ya vyoo vya uani mjini Kisangani haifiki sentimita sitini. Choo chenyewe huwa mwisho wa ua, juu ya vidato viwili au vitatu vya saruji, ili maji ya mvua yasiingie shimoni. Vyumba vyenye choo cha ndani vipo. Wanavikodi watu wa mashirika, kwa bei ambayo mwanafunzi haulizi mara mbili.

Ana miaka ishirini na miwili. Polio ilimpata akiwa na mitatu. Anasomea kemia, mwaka wa kwanza, kwa mara ya pili, na sababu ya kurudia haikuwa kemia. Anaishi Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, kwa mjomba wake, tonton Isaïe, anayeuza maharagwe kwa jumla. Kila asubuhi lazima avuke kwa mtumbwi wa mota, na wapagazi wa kivukoni wana utaratibu wao: watu kwanza, magunia baadaye, vyuma mwisho. Baiskeli ni chuma. Mlango wa maabara hufungwa saa moja na nusu. Mwaka jana aliukuta umefungwa mara nne, na kwa kanuni za kitivo, aliyekosa mazoezi manne hana mtihani.

Tonton Isaïe hakumgombeza. "Ukianguka tena," alisema, "nitakununulia cherehani." Alisema kama mtu anayetoa ahadi njema, na familia nzima iliona ni ahadi njema. Ni Kyakimwa peke yake aliyekosa usingizi.

Mazoezi ya mwaka huu yalikuwa yaanze Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia alivuka mto kutafuta chumba cha ng'ambo ya kulia, karibu na kitivo.

Dalali aliyempeleka aliitwa Bavon, kijana mwenye viatu safi kuliko barabara. Alikuwa amekwisha kupokea ada ya kuonyesha nyumba, maana madalali wa mji huu hulipwa kabla ya mteja kuona hata dari. Walisimama mbele ya nyumba ya mtaa wa Makiso yenye duka dogo upande wa barabara. Kabla Kyakimwa hajafungua mdomo, mama mwenye nyumba alinyoosha mkono kupitia dirisha la duka. Vidoleni alishika noti ya franga mia mbili.

"Kamata, mutoto wangu. Enda na Mungu."

Ilikuwa Ijumaa. Wenye maduka huweka noti ndogo tayari siku hiyo, kwa walemavu wanaopita kuomba.

"Mama, miye siko naomba. Nimekuya kwa ile chumba."

"Chumba gani?"

"Ile ya kupangisha," Bavon akadakia. "Iko étudiante, mama. Anasoma chimie. Iko na akili kupita siye bote."

Mama alimtazama Kyakimwa, kisha baiskeli, kisha Kyakimwa tena. "Na nani atamubeba kwenyi choo? Miye mugongo inaniuma."

"Nitajipeleka," Kyakimwa alisema.

"Utajipeleka namna gani? Ukianguka mu parcelle yangu, famille yako yote itakuya kuweka matanga hapa. Juma mbili! Batakula, batalala, na miye nitaenda wapi?"

Hilo halikuwa tusi. Msiba hufanyiwa pale ulipotokea, na mwenye ua habagui waombolezaji. Kyakimwa aliomba tu kuona choo. Bavon alikwenda kupima: vidato vitatu, mlango sentimita hamsini na nane.

"Basi, haiingie," alisema aliporudi, kana kwamba kosa ni la baiskeli.

Mama bado alikuwa ameshika noti. "Kamata tu, ni vendredi."

Bavon aliichukua yeye. "Hii ni ya miguu yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mama akacheka.

Ilipofika saa sita walikuwa wameona nyumba nyingine mbili, na Bavon alikuwa amekumbuka kwamba ana mteja mwingine katika mtaa wa Mangobo. Kyakimwa akabaki peke yake. Alielekea bweni la wasichana, jengo la ghorofa mbili nyuma ya kitivo, ambako alikuwa ameomba chumba kwa barua tangu Agosti bila kujibiwa. Msimamizi, Papa Faustin, alifungua daftari, akateremsha kidole ukurasa mzima, kidole kikasimama.

"Lakini weye uko na chumba."

"Miye?"

"Kyakimwa, chimie, chumba namba tisa, ya chini. Tangu octobre. Vyumba ya chini ni ya balemavu, ni règlement."

"Papa, nani aliniambia?"

"Tulibandika liste."

"Wapi?"

Papa Faustin alinyoosha kidole juu. "Ku étage ya pili."

Kyakimwa alitazama ngazi. Papa Faustin alikitazama kidole chake kikiwa bado hewani, akakishusha taratibu. "Ni kule kuko na tableau," alieleza.

Alimwonya pia kwamba namba 9 haikuwa tupu. Katika bweni hilo vyumba havigawiwi, hurithiwa: anayemaliza masomo humwachia mdogo wake wa nyumbani, naye huwakaribisha wasio na pa kulala. Hao wa sakafuni huitwa maquisards, na hakuna daftari linalowajua. "Miye niko na kifunguo ya bureau tu," alisema. "Chumba iko na benyewe."

Mwenyewe wa namba 9 alikuwa Chantal, wa mwaka wa mwisho wa sheria, aliyerithi chumba kwa dada mmoja wa kwao Isangi. Chumba cha watu wawili kilikuwa na wasichana wanne. Chantal alisikiliza habari ya daftari hadi mwisho.

"Bon, umemaliza? Sasa sikia, petite. Nilipoingia hapa, mulango haikuwa. Hii mulango nilinunua. Kitasa ni yangu. Ampoule ya taa ni yangu. Ile daftari ya Papa Faustin ilinunua nini?"

"Jina langu ndiyo iko pale, yaya," Kyakimwa alisema, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa.

"Jina yako ilale pale sasa."

Wengine walicheka. Chantal hakucheka, alikuwa akitazama mabega ya Kyakimwa. "Unaweza kuingia maquisarde," alisema. "Utakuwa wa tano. Kila mutu analeta makala ya kupikia, na kila mutu iko na kazi."

"Siwezi kuteka maji."

"Nani amesema maji? Na hii mikono! Utatwanga lituma."

Ndizi zilizochemshwa, kinu, watu watano, kila jioni. Kyakimwa aliomba kwanza kuona choo. Kilikuwa mwisho wa ukumbi, bila kidato, na mlango wake ulikuwa umeng'olewa na mtu mwaka jana, pakabaki pazia. Uwazi wa sentimita tisini. Katika siku nzima ndicho kitu pekee kilichomtosha.

Alirudi ofisini akauliza malalamiko yanachukua muda gani. Barua kwa uongozi, tume, ukaguzi: wiki tatu, pengine tano. Papa Faustin alimsogezea daftari. Akisaini, atahesabiwa amepewa chumba, na malalamiko yamekwisha. Asiposaini, namba 9 inakwenda kwa jina linalofuata, na huyo naye atajaribu bahati yake kwa Chantal.

Alisaini. Kisha pembeni mwa jina lake akaongeza maneno mawili: kwenye sakafu.

"Umeharibu daftari!" Papa Faustin alipiga kelele. "Weye ndiye mwenye chumba!"

"Papa, nimeandika fasi nitalala."

Nafasi aliyopewa ilikuwa chini ya dirisha, mbali kabisa na mlango, kwa kuwa penye mlango analala Benie, aliyetangulia. Baiskeli hulala nje, imefungwa kwa mnyororo. Jumatatu Kyakimwa aliamka saa kumi na moja na nusu, akavuka mikeka yote kwa mikono, gizani.

"Nywele yangu!" Benie alilia. "Uko nanikanyaga kichwa!"

"Pardon, yaya."

"Pardon, pardon. Kila siku itakuwa hivi?"

"Kila siku ya maabara," alisema Kyakimwa, akaendelea kujivuta kuelekea ukumbini.

Alifika maabara saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mlango ulikuwa umefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa bado hajatoka kwake.