Mahamri ya Nadhiri

Nilirudi Amu nyumbani kwa mama, nikalala siku kumi na moja katika chumba cha ndani bila kuoga. Daktari wa Nairobi alikuwa amenipa jina la ugonjwa na vidonge vya kumeza kila asubuhi. Jina sikumwambia mtu. Vidonge nilimkabidhi mama, kwa sababu mimi mwenyewe sikuaminika navyo.

Mama hakubishana na daktari wala na mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila asubuhi aliniletea sinia moja: chai, mkate wa mofa, kidonge, na kombe, ile sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, akiiosha kwa marashi mbele yangu ili ninywe. Nilimeza vyote. Sikuhisi kitu, si kwa hiki wala kwa kile. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako kwa kuuona tu.

Siku ya kumi na mbili wakaja wanawake wa mtaani kumtazama mgonjwa. Kusema kweli walikuja kumtazama yule wa kwenye televisheni, mke mwenza ninayemwigiza, ambaye hulia kila wiki na watu wakalia naye. Ugonjwa wangu walishaupa jina lao: husuda. Shangazi yangu, mtu asiyejua haya, akaniambia, "Hebu tulilie kidogo, mwanangu, kama kule."

Nikawalilia. Si kazi kubwa. Unashusha pumzi, unakazia macho kitu kimoja, mimi nilichagua kitasa cha kasha, na machozi yanakuja yenyewe. Wakalia wote, shangazi akajifuta kwa ncha ya leso. Kisha nikacheka, maana yule mke hulia akamalizia kwa kicheko. Ndani yangu hapakuwa na mtu. Mama alikuwa jikoni. Aliposikia kicheko akaja hadi mlangoni na mwiko mkononi, akasimama hapo.

Nilipaswa kumwambia papo hapo. Niliuona uso wake ulivyofunguka, nikanyamaza. Tangu siku ile nikaendelea na kazi. Nikaoga, nikajifukiza udi, nikauliza habari za majirani nisiowajali hata kidogo. Nikamwambia wali wake una chumvi nyingi. Sijawahi kuigiza vizuri namna ile.

Ijumaa sinia likaja bila kidonge.

Kumbe mama alikuwa ameweka nadhiri: nikipona, atapika mahamri na kuyapeleka kila nyumba ya mtaa wetu. Alikuwa akikaanga tangu alfajiri, na sahani zilikuwa zimeshatoka. Kwetu nadhiri ikishaondolewa, mgonjwa amepona, na mtaa mzima umekula ushahidi.

"Kidonge kiko wapi, Mama?"

"Umepoa, mwanangu. Dawa ya nini tena?"

Niliogopa. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi kwa wiki nyingi, na kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo. Nilijua vidonge vikikatika nitarudi kule nilikotoka, kwenye bafu la Nairobi ambalo mlango wake walilazimika kuuvunja.

"Sijapoa, Mama. Nilikuwa naigiza."

Akaendelea kupangusa unga mikononi. "Hata kile kicheko?"

"Hata kile."

"Na wali?"

"Wali ulikuwa na chumvi kweli."

Hakucheka. Aliinuka, akafungua kasha, akaniletea kidonge na gilasi ya maji. Hakunifokea, wala hakuyataja mahamri. Nilitamani anifokee.

"Mato yangu ni haya haya niliyokulea nayo," alisema, akigusa kope zake. "Siku utakapopoa kweli, mimi nitayua vipi?"

Nilimeza kidonge, nikafungua kinywa, nikainua ulimi ili aone. Mama akavaa miwani yake, akainama, akaangalia.