Mpunga wa Ndevu Nyekundu

Tarehe 18 Agosti 2012 tulimzika mume wangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Wiki moja baadaye, watu wa msiba walipokwisha kutawanyika, niliinua macho jikoni nikaona kamba peke yake. Mfuko wa mbegu ya mpunga uliokuwa ukining'inia juu ya moto haukuwepo.

Mbegu ile tulitoka nayo bonde la Ruzizi, kule Kongo, mwaka 2004, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Njiani njaa tuliiona, lakini hatukuigusa. Kwetu tuliiita ya ndevu, kwa sababu kila punje ina unywele mrefu mwekundu kwenye ncha. Ndege hawaipendi, inawachoma kooni. Ukiipika, harufu yake inafika kwa majirani kabla hujapakua.

Mwenyeji mmoja wa kijiji cha karibu alimpa mume wangu kipande cha dambo, yaani bonde lenye majimaji, na humo alilima kila mwaka. Kabla ya kuvuna alikuwa akipita shambani peke yake akichagua masuke mazito yaliyoiva mpaka chini. Hayo aliyakata kwa kisu kidogo, akayapura kwa mikono, akayaanika jua la asubuhi, akayatia katika mfuko na kuutundika juu ya moto ili moshi uzuie fukusi. Mengine yote tulikula. Ule mfuko haukuwa chakula. Watoto walijua, mimi nilijua.

Kwa hiyo niliwaza: nani asiyejua?

Siku za msiba jiko langu lilishikwa na jirani, mwanamke wa Bukavu, mshonaji. Ni mtu wa mjini, amesoma kuliko mimi, na alipanga masufuria yangu kama yake. Mimi nilikaa kwenye mkeka na wafiwa wengine, sikuingia jikoni hata mara moja. Ndiyo maana nilimshuku yeye. Nasema ukweli, sikuwa na sababu nyingine.

Nilianza kumtazama. Akitwanga, nilisikiliza kama ni mahindi au mpunga. Akipepeta, nilipita karibu na uzio wa lupango yake, kiwanja chake, na kuangalia pumba. Ndevu hukatika wakati wa kupura, kwa hiyo pumba zisingenionyesha lolote, nami nililijua hilo, lakini niliangalia. Siku moja bombani aliniuliza mbele ya watu:

"Dada, unatafuta nini mu lupango yangu kila siku? Ukitaka kushona robe, sema tu, nitakupima."

"Mi sitafuti kitu."

"Macho yako inatafuta. Mungu akupatie miwani."

Wanawake walicheka. Nilibeba ndoo yangu nusu, maji hayajajaa, nikaondoka.

Novemba, mawingu yalipoanza kukusanyika, sikutaka lile dambo lirudi kwa mwenyewe. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, halafu minibasi mpaka Lilongwe, nikatembea hadi soko la Kawale. Muuzaji mmoja alikuwa na magunia mawili ya mpunga.

"Mayi, huu ni Faya. Huu ni Kilombero, unanukia. Yote imetoka ziwani mwaka huu."

Nilitafuna punje za yote mawili. Punje mpya ikivunjika hulia. Za Kilombero zililainika kidogo, za Faya zililia. Nilinusa gunia, likanuka vumbi. Nilimwuliza kama ni mbegu au ni mpunga wa kukoboa, akasema mpunga ni mpunga. Jibu hilo sikulipenda, lakini nilichukua Faya.

Nyumbani nilifanya kama mume wangu alivyofanya. Unatia chumvi kwenye maji mpaka yai bichi liinuke na kuelea. Halafu unamwaga mpunga. Unaoelea ni mtupu au mbovu, unautoa. Uliozama unausuuza vizuri, chumvi yote itoke, unauloweka usiku na mchana, unauchuja, unaufunga ndani ya gunia bichi siku mbili mpaka ncha nyeupe zitoke. Ndipo unausia kwenye kitalu cha tope laini, maji yakiwa membamba juu yake. Baada ya wiki tatu unang'oa miche na kuipanda upya shambani, miwili miwili, shibiri moja toka shimo hadi shimo.

Wangu ulielea karibu nusu. Uliozama, nao uliota kwa kuparuza, hapa kidogo, pale hakuna. Nilisimama kwenye kitalu kile chenye upara, hasira ikanipanda, si kwa muuzaji bali kwa jirani. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye cherehani yake.

"Mbegu ya bwana yangu iko wapi?"

Alisimamisha gurudumu kwa mkono. "Mbegu gani?"

"Mfuko uliokuwa juu ya moto."

"Ule mpunga? Dada, ule tulikula. Na weye ulikula."

Nilimwambia ni mwongo. Hakukasirika, na hilo lilinifanya nimshuku zaidi. Alisema siku ya tatu kwaya ilifika kutoka Lilongwe, watu wengi, na mchele ulikuwa umekwisha.

"Nilikuya pale ku mkeka, nikakuuliza: tupikie bantu nini? Njo ukasema, mpunga iko pale juu, mutwange. Ulisema na mkono, hivi." Akaelekeza kidole juu. "Mi niko mtu wa Bukavu, najua mbegu ni nini? Ningeona imeandikwa?"

Sikuamini. Nilikwenda kwa wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa amekaa kando yangu msiba wote. Huyu ametoka Ruzizi kama sisi na mbegu anaijua. Aliinamisha kichwa. "Ni weye ulisema. Nilitaka kukukataza, nikaona uko unalia, nikanyamaza."

Mpaka leo sikumbuki. Nakumbuka sahani ya wali mapajani, na kwamba watu walinilazimisha kula, na kwamba nilikula.

Sikurudi kwa jirani. Yeye ndiye aliyekuja siku iliyofuata, na kopo la vifungo mkononi. Ndani yake mlikuwa na chuya, zile punje zinazobaki na maganda yake baada ya kutwanga. Kwao, alisema, mchele wa msiba ukiwa na chuya ni aibu ya mpishi, kwa hiyo aliwakalisha wanawake wazichague moja moja siku zote za kilio. Alizitia mle akitaka kuwapa kuku, akasahau.

"Angalia kama iko yako," akasema.

Wazo langu la kwanza halikuwa asante. Niliwaza: mbona chuya zimekaa tangu Agosti? Na hata kama ni kweli, siku mbili za kwanza tulipika mchele wa dukani, nao una chuya zake. Nilizipokea.

Punje iliyopitia kinu mara nyingi huwa imevunjwa jicho la kuotea. Niliziloweka, nikazifunga katika kitambaa, fundo nikalifunga mwenyewe. Ziliota kumi na moja. Nilizipanda peke yake kwenye kona ya dambo, moja moja, mbali na Faya. Mbili zilikufa. Nilikwenda kuzitazama kila siku, na mara mbili nilimkuta jirani amesimama pale ukingoni, viatu mkononi. Mara zote mbili nilihesabu miche baada ya yeye kuondoka.

Aprili masuke yalitoka. Miche minne ilikuwa na upara kama mpunga wa dukani. Mitano ilikuwa na ndevu, na zilipokauka zikawa nyekundu.

Yalipoiva niliyakata kwa kile kisu kidogo, yale yenye ndevu tu, nikayafunga kwa ugwe. Sikwenda nayo nyumbani. Nilikwenda kwa jirani, nikamwambia nilimkosea, na kwamba nataka ayatundike juu ya moto wake mpaka Desemba.

Aliacha kushona. Aliyashika, akayanusa, akazipitisha ndevu kwenye shavu lake.

"Iko nzuri," akasema. Kisha akanirudishia. "Lakini siitunzi, dada. Panya akikula punje moja, utasema ni miye."

Nilimwambia sitasema.

"Utasema," akajibu, na akaanza kushona tena.

Nikarudi nayo nyumbani.