Boga la Kunywa

Harufu ya boga linalochemka na iliki hunikalisha kitako hadi leo. Wajukuu zangu huniona nimeduwaa na mwiko mkononi, na mmoja wao hunikumbusha kwamba tui litakatika. Wakati huo mimi huwa nimekwisha rudi Kisauni, kwenye kipupwe cha miaka ile ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, na mama yuko jikoni amenipa kisogo, anakoroga.

Mwaka huo maboga aliyoyapanda nyuma ya choo yalizaa mpaka yakalemea ua wa makuti. Mama alilimenya boga, akalichemsha likalainika, akaliponda, kisha akalikamua kwa kitambaa cha melimeli pasibaki hata uzi mmoja. Tui zito lilitiwa mwisho, na hapo hakuacha kukoroga hata mgeni akipiga hodi. Ilitoka supu laini, tamu kidogo, ya kunywa kwa kijiko. Siku za kwanza tuliisifu. Ilipoendelea wiki baada ya wiki, kaka yangu Athumani akasema tutaota majani masikioni.

"Sema alhamdulillahi," mama alimwambia, akamwongeza.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa mzaha na kicheko kikubwa. Kipupwe hicho sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na imepungua. Kooni mwake mlikuwa na uvimbe, na daktari wa kisiwani, ng'ambo ya maji kutoka kwetu, alimweleza mama jambo ambalo sisi hatukuambiwa. Kitu kigumu kilikuwa hakipiti. Kwetu tulikula mkekani, sote tumezunguka sinia moja, na mama alipojaribu kumtengea chakula chumbani baba alikataa.

"Mimi si mgeni humu," alisema. "Nitakula na wanangu."

Basi mama akaondoa wali, akaondoa samaki, akaondoa mikate ya mofa. Katikati ya mkeka likabaki bakuli la supu, ili baba asimwone mtu akitafuna. Hayo ninayajua leo. Wakati ule nilidhani tumekuwa maskini na mama anaona haya kusema.

Hata hivyo hatukukonda. Kila alasiri tulipotoka chuoni kusoma Kurani, jirani yetu Mama Kadzo, mtu wa Rabai, alituita tumsaidie kuambua mbaazi. Mbaazi zenyewe zilikuwa chache. Sima ndiyo iliyokuwa kubwa, pamoja na dagaa wa kukaanga waliotoa mlio mdomoni, na sisi tulitafuna kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Tukimaliza alitusukutulisha vinywa kwa maji.

"Nyumbani msiseme," alituonya.

Hatukusema. Jioni tulikaa mkekani na kunywa supu yetu, baba akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu. Mama alikuwa akitutazama pia. Gauni lake lilikuwa limeanza kumpwaya.

Baba alifariki kabla ya mvua za vuli. Siku ya hitima majirani walipika pilau, na nakumbuka Athumani akitafuna nyama huku machozi yanamchuruzika. Mama aliingia eda. Maboga yaliyosalia yaliozea pale pale nyuma ya choo, hakuna aliyeyagusa.

Katika ujane wake wote mama alikuwa na faraja moja, naye aliirudia mara kwa mara: "Babenu ameondoka hajui kama wali tuliuacha kwa ajili yake; tulimficha." Aliyasema hayo kwa utulivu, nasi tulimwitikia.

Tulipomzika mama mwenyewe, Mama Kadzo alikuja matangani, kikongwe anayeshikwa mkono. Nilimketisha kando yangu, nikamshukuru kwa sima yake, nikamwambia mama hakuijua mpaka anaingia kaburini.

"Unga haukuwa wangu, mwanangu," alisema. "Aliuleta babako. Alikuja asubuhi, mamako yuko kisimani. Alisema, 'Mke wangu ananificha, nami nataka aamini amenificha. Lakini watoto wana meno. Wape watafune, wala yeye asijue.' Akaniapisha."

Kumbe tabasamu lile la mkekani lilikuwa la mtu anayejua kwamba tumeshiba. Nilitamani kumkimbilia mama nimweleze, na mchanga wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi. Kisha nikauliza swali ambalo ilinipasa kuliuliza utotoni, nilipoliona gauni lile likimpwaya.

"Na mama je? Yeye alitafuna wapi?"

Mama Kadzo alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Nilimwita mara nyingi, mwanangu. Kila nikimwita alisema ameshiba."

Siku hizi nalipika boga kila kipupwe, nalikamua kwa kitambaa, natia tui mwisho. Wajukuu hunywa hadi wakalamba vijiko. Wakiniuliza mbona bibi huli, hujikuta nimekwisha wajibu kwamba nimeshiba.